Pikipiki ya Mlimani na Abiria wa Nyuma

Mtu anunuapo pikipiki hutazama injini kwanza, kisha rangi, kisha bei. Na akiwa mtu wa hadhari sana, hutazama breki. Ni nadra kumwona akiinama nyuma ya kiti kuzichungua zile nguzo mbili zilizozungukwa na springi, ambazo huunganisha mwili wa chombo na gurudumu la nyuma. Nguzo hizo huitwa shokamzoba. Hazingurumi kama injini wala haziwaki kama taa. Hufanya kazi kila hatua ya safari, na aghalabu mwenyewe hazikumbuki ila siku zimekwisha kufa.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika milima ya Taita, ambako ndiko kwetu, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Mtu apitaye Voi huiona milima hii kwa mbali, ina rangi ya buluu, akadhani ni mahali pa kupunga upepo tu. Upepo upo, maana kilele cha Vuria kina mita 2,208 juu ya bahari. Lakini mtu wa huku hana budi kupanda na kushuka kila siku ya maisha yake. Barabara ya Mwatate hadi Wundanyi ina lami na kona nyingi. Njia ya kwetu huiacha lami hiyo, hupita kati ya migomba na mahindi, kisha hugeuka kuwa ngazi ya mawe. Mvua za masika huichimba mifereji, na jua la Januari huikausha mifereji hiyo ikawa migumu kama saruji.

Kwa njia hiyo mimi humpeleka mama yangu kliniki kila mwezi. Ana miaka 67, ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na mgongo wake uliumia zamani kwa kubeba kuni. Gari halifiki kwetu ila wakati wa kiangazi, na likifika, nauli yake hula sehemu kubwa ya mshahara wa wiki. Basi chombo chetu ni pikipiki yangu ya sisi 125, naye huketi nyuma, amejifunga leso mbili kiunoni.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, alikataa kwenda. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, dawa ya presha naitaka, lakini njia yako inanivunja mgongo siku tatu. Mwezi huu acha nikae." Muuguzi alikuwa amekwisha kumwonya kwamba dawa zile hazifai kuachwa hata siku chache. Nilimtazama, nikaitazama pikipiki iliyosimama chini ya mparachichi, nikajua kwamba njia siwezi kuibadili, wala mgongo wa mama siwezi kuufanya upya. Kilichokuwa katika uwezo wangu ni zile nguzo mbili.

Nilikishika kiti kwa mikono miwili, nikakikandamiza kwa uzito wangu wote, kisha nikakiachia ghafula. Chombo kizima huinuka mara moja na kutulia. Changu kiliinuka, kikashuka, kikainuka tena, kikashuka tena. Nilipochungua karibu niliona ufito wa chuma umelowa mafuta, na vumbi limeganda juu yake kama uji uliokauka. Dalili hizo mbili zilitosha.

Hapa yafaa niseme neno juu ya kazi za chombo hiki, maana ni mbili, na asiyezitenganisha akilini atadanganyika dukani. Kazi ya kwanza ni ya springi, nayo ni kubeba. Mwingereza Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kanuni ambayo kila mwanafunzi wa Fizikia huijua: springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza, nguvu ikiwa maradufu, kubonyea nako huwa maradufu. Lakini springi haina adabu ya kutulia. Ikibonyezwa hurudi, ikirudi hupita mahali pake, kisha hushuka tena. Pikipiki yenye springi peke yake ingekwenda kama chura.

Kazi ya pili ni ya mafuta, nayo ni kutuliza. Katikati ya springi pana mrija uliojaa mafuta, na ndani ya mrija kuna pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda jiwe, pistoni husukumwa ndani ya mafuta, na mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo kwa taabu. Taabu hiyo ndiyo faida yetu, kwani nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Ukitaka ushahidi, shuka mteremko mrefu wenye mawe, kisha simama uuguse mrija huo kwa ncha ya kidole: utaukuta una joto. Mafuta yakipata joto jingi huwa mepesi, na yakichanganyika na hewa hufanya povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Ndiyo sababu katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alibuni shokamzoba yenye gesi iliyoshindiliwa, iliyotengwa na mafuta kwa pistoni ya pili, ili povu lisipate nafasi.

Kwangu mimi springi ilikuwa ingali ikibeba, ingawa kwa shida, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha. Kila jiwe lilimrusha mama mara tatu badala ya mara moja.

Nilikwenda Mwatate kwa fundi mmoja mzee ninayemheshimu. Alinitandikia jozi tatu juu ya gunia. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, mfano wa zile zangu. Ya pili ilikuwa na springi nene na rangi nyekundu. Ya tatu ilikuwa na chupa ndogo pembeni, iliyong'aa kama fedha. Fundi hakusitasita. Alisema, "Mwalimu, huku milimani dawa ni ngumu. Chukua nyekundu. Vijana wote wa bodaboda wanazo, na magunia mawili ya mkaa haziyaoni." Nikamwuliza juu ya yenye chupa. Akacheka, akaigonga kwa bisibisi. Ikatoa mlio wa kopo tupu. Chupa ya kweli huhifadhi mafuta na gesi, nayo ni msaada mkubwa kwa chombo kinachofanya kazi nzito. Ile ilikuwa pambo lililofungwa kwa skrubu. Namshukuru fundi yule kwa kuwa hakutaka kuniuzia kopo.

Walakini sikuinunua nyekundu siku ile. Ninaye rafiki tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anaishi Alberta, huko Kanada. Yeye ni mpenzi wa mashine zinazokwenda juu ya theluji milimani, nami nilikumbuka kwamba hapumziki kusimulia habari za shokamzoba. Nilimwandikia shida yangu, naye akanijibu kwa waraka mrefu kama somo.

Mashine hizo hazina magurudumu. Mbele zina mbao mbili za kutelezea, na nyuma zina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec ndiye aliyezieneza alipoanza kuuza mashine ndogo ya namna hiyo mwaka 1959. Ndani ya mkanda, nyuma, hukaa shokamzoba mbili, moja mbele ya nyingine. Springi ya ile ya mbele ikiwa ngumu kupita kiasi, mbao za kutelezea hupoteza uzito wake, na mpandaji hushindwa kuielekeza mashine katika mteremko mkali. Tena kila kilo huhesabiwa, kwa sababu theluji laini ya milimani huimeza mashine nzito. Kwa hiyo wengine huacha springi ya chuma wakafunga ya hewa, iliyo nyepesi. Lakini hewa nayo inataka kupimwa kwa pampu mara kwa mara, na shinikizo lake hubadilika kwa baridi na kwa joto. Rafiki yangu hufungua zake, akabadili mafuta, akatia gesi ya nitrojeni upya, kisha ndipo hungoja majira ya theluji.

Yote hayo yalinifurahisha kusoma, lakini lililonisaidia lilikuwa jambo moja dogo mwishoni mwa waraka. Alisema kwamba huko, mtu akienda kutengenezewa shokamzoba, fundi mwenye elimu haanzi kumwuliza anataka ngumu au laini. Humwuliza: una kilo ngapi, pamoja na nguo na mizigo yako? Mimi na fundi wangu tulikuwa tumezungumza saa nzima, wala hakuna aliyetaja uzito wa mama.

Siku ya soko nilimchukua mama kwenye mizani ya magunia. Alicheka akasema, "Leo unaniuza pamoja na viazi?" Mizani ilisema kilo 59. Mimi nina 68, na mkoba pamoja na keria ni 6. Jumla ni kilo 133, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa nyuma. Jirani alishika kijiti cha kupimia. Niliinua gurudumu la nyuma likaning'inia, nikapima umbali kutoka ekseli hadi alama niliyoitia chini ya kiti. Kisha tukapanda mimi na mama, tukapima tena. Gurudumu langu lina nafasi ya milimita 90 za kupanda na kushuka. Uzito wetu peke yake, tukiwa tumesimama tu, ulikula 62. Zilibaki 28 za kupokea mawe yote ya mlima! Wajuzi wengi husema uzito wa waliopanda ule robo hadi theluthi ya nafasi, si zaidi.

Msomaji atauliza kwa nini sikuizungusha tu ile pete yenye vidato chini ya springi. Nilikuwa nimekwisha kuifikisha kidato cha mwisho. Pete hiyo watu wengi huidhania vibaya. Haiifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Huibana tangu mwanzo, ili chombo kisimame juu zaidi. Ugumu umo katika waya wenyewe, katika upana wa mzunguko, na katika idadi ya mizunguko. Na katika hayo matatu, waya una nguvu ya ajabu. Mwenzangu wa Fizikia aliniazima kipimo cha vernia kutoka maabara, nikarudi Mwatate. Waya wa springi zangu ulikuwa milimita 7, na wa nyekundu 8. Tofauti ya milimita moja huonekana si kitu. Lakini ugumu hufuata kipeo cha nne cha unene wa waya, na kwa kuwa mizunguko ilikuwa sawa, nyekundu ilikuwa ngumu kuliko zangu kwa asilimia 70. Tena mrija wa mafuta ulikuwa ule ule wa jozi ya kawaida! Springi ya ng'ombe imefungwa kamba ya mbuzi. Kijana mwenye magunia mawili ya mkaa hatalijua hilo, kwa sababu mkaa hauna mgongo. Mama yangu angelijua katika jiwe la kwanza.

Fundi alinisikiliza, akaniazima sikio la heshima ingawa si la imani. Kisha akapendekeza nguzo ndefu zaidi kwa sentimita mbili, kama wafanyavyo vijana wapendao mkia ulioinuka. Hilo nililikataa mara moja. Ukiinua nyuma, uzito huhamia mbele, usukani huwa mwepesi wa kuyumba, na stendi ya pembeni hukilaza chombo mno. Kwa mtu anayeshuka kona za Wundanyi na mzazi wake mgongoni, huo ni mchezo wa hatari.

Wiki iliyofuata fundi aliniletea jozi ya nne kutoka Voi: urefu ule ule, waya wa milimita 7 na nusu, yaani ugumu wa kama theluthi moja zaidi, na mrija mnene kidogo wenye mafuta ya kutosha. Haikuwa na rangi ya kuvutia. Bei yake ilikuwa shilingi 3,800, nami nililipa kwa mafungu mawili.

Tulipofunga na kupima, nikaitia pete kidato cha juu, uzito wetu sisi wawili ulikula milimita 38, zikabaki 52. Si theluthi kamili, lakini ni karibu mara mbili ya nafasi tuliyokuwa nayo. Nikiwa peke yangu huirudisha pete kidato cha chini, na mimi hula 25. Kazi ya kuizungusha huchukua dakika tano kwa spana yake. Jirani zangu hunicheka wanionapo nimepiga magoti usiku wa kuamkia kliniki, wakasema mwalimu anaisomea pikipiki yake dua. Nikiwa chini huko hutazama pia upepo wa tairi, kwani tairi lililojazwa kupita kiasi huwa jiwe lenyewe.

Mwezi wa Mei tulishuka. Njiani mama hakusema neno, nami nilikuwa nikiusikiliza ukimya wake kuliko injini. Tulipofika penye mfereji mkubwa, ule ambao zamani alikuwa akishuka na kuuvuka kwa miguu, nilisimama. Alinigusa bega akasema, "Pita tu." Nilipita polepole. Gurudumu lilizama, likapanda, kiti kikainuka mara moja, kikatulia.

Tangu siku hiyo hajakosa kliniki. Mgongo bado humwuma jioni ya safari, na mara nyingine asubuhi yake, si siku tatu. Mafuta yaliyomo katika mirija hii nayo yatachoka, maana imefungwa kiwandani na haifunguki kama ile ya rafiki yangu wa Alberta. Kwa hiyo nimeandika tarehe ya kufungwa kwake kwa rangi nyeupe chini ya kiti, na kila mwisho wa mwezi hukikandamiza kiti mbele ya mama, naye ndiye ahesabuye miruko.