Mayatima wa Alhamisi: Barua kutoka Boston

BOSTON – Alhamisi ya nne ya Novemba mji huu hunyamaza. Maduka makubwa ya vyakula hufungwa, maana sheria ya jimbo la Massachusetts inayakataza kufanya biashara siku hiyo, na aliyesahau kununua chumvi Jumatano hana budi kubisha hodi kwa jirani. Ni Sikukuu ya Shukrani. Wamarekani husafiri kwa mamilioni kurudi kwa wazazi wao, kama Wachaga wanavyopanda Kilimanjaro kila Desemba. Anayebaki mjini ni yule asiye na pa kwenda, na miongoni mwao wamo waliotoka Mombasa, Arusha, Bukavu na Bujumbura.

Usiku wa siku hiyohiyo mwaka 1986, Novemba 27, televisheni ya NBC ilionyesha hadithi ya watu wa namna hiyo. Ilikuwa sehemu moja ya tamthilia ya vichekesho iitwayo Cheers, na jina la sehemu hiyo ni "Thanksgiving Orphans", yaani mayatima wa Sikukuu ya Shukrani. Hakuna aliyefiwa humo. Ni watu wazima wenye kazi zao, ila jioni ya sikukuu hakuna meza inayowangoja.

Kwa vijana ambao hawajaiona, Cheers ni tamthilia ya baa moja ya Boston, na jina lake ndilo neno ambalo watu huku hutamka wanapogonganisha glasi, kama sisi tusemavyo "maisha marefu!" Ilibuniwa na James Burrows pamoja na ndugu wawili, Glen na Les Charles, ikaanza Septemba 30, 1982 na kumalizika Mei 20, 1993. Mwenye baa ni Sam Malone, mrushaji mstaafu wa timu ya besiboli ya Red Sox, mtu ambaye pombe ilikaribia kummaliza naye akaiacha. Kwa hiyo anayeuza bia usiku kucha hanywi hata tone. Wahudumu wake ni Carla, mama wa watoto wengi na mwenye ulimi wa pilipili, na Diane, msomi asiyekosa la kusahihisha. Kwenye kaunta wanakaa Norm, mhasibu ambaye kazi haidumu mkononi mwake, na Cliff, mpeleka barua wa posta ajuaye kila kitu na asiyekuwa na hakika na chochote.

Mwanzoni hakuna aliyeitazama. Msimu wa kwanza ilikuwa karibu mkiani kabisa katika hesabu ya watazamaji, na wakubwa wa NBC wangeifuta bila mtu kulalamika. Waliivumilia. Miaka 11 baadaye, mamilioni kwa makumi walikaa mbele ya televisheni kuaga baa ambayo haikuwahi kuwapo.

Ila ngazi ya kuteremkia kwenye baa hiyo ipo, kwa kweli. Iko Mtaa wa Beacon, mkabala na bustani ya Public Garden, na zamani ilikuwa ya baa iitwayo Bull & Finch; siku hizi kibao chake kinasema Cheers. Watalii hupigia picha mlangoni. Wakiingia, wanashangaa, kwa kuwa ndani hapafanani na kwenye televisheni. Ile kaunta kubwa ya mbao ilikuwa Hollywood, katika studio za Paramount, na vicheko vilitoka kwa watazamaji waliokaa hapo studio. Boston ilitoa mlango tu.

Mswahili wa pwani, hasa asiyegusa kilevi, huenda akaona hadithi ya baa haimhusu. Itazame kwanza. Kila Norm aingiapo, baa nzima humwita jina kwa sauti moja, naye hutupa neno la kuchekesha akielekea kwenye kiti chake kilekile. Ondoa bia, weka kahawa chungu na kashata, na hapo ni Jaws Corner ya Mji Mkongwe Zanzibar, pembe ambayo nayo ilipata jina kwa filamu ya Kimarekani. Ni baraza la Lamu na kijiwe cha Kariakoo. Mzee akikosekana siku mbili, siku ya tatu mtu anatumwa kwake kuuliza kulikoni. Msomi Ray Oldenburg aliandika mwaka 1989 kuhusu mahali pa tatu katika maisha ya mtu, baada ya nyumbani na kazini. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kujenga mahali hapo kwa mawe, mbele ya milango yao.

Mtu akihamia ughaibuni, hicho ndicho kitu cha kwanza anachopoteza, na hakuna anayemwonya. Anaonywa juu ya baridi na juu ya kodi ya nyumba. Hakuna anayemwambia kwamba itapita wiki nzima bila mtu kutamka jina lake sawasawa. Mwanahamisi hufupishwa kuwa Mwana, na Njoroge huitwa George kazini hadi mwenyewe anaanza kuitikia. Mji huuhuu, Aprili 1988, ulitangaza kwa vipaza sauti jina la Ibrahim Hussein wa Kenya, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za Boston Marathon. Akashinda tena 1991 na 1992, na Cheers ilikuwa bado hewani. Lakini hilo ni jina la bingwa. Norm si bingwa wa chochote, na bado huitwa.

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi. Diane ndiye anayewahimiza wasio na pa kwenda wakusanyike, na mzigo unamwangukia Carla, ambaye anakubali shingo upande wale nyumbani kwake. Diane mwenyewe alikuwa na mwaliko wa kisomi mahali pengine, lakini anaishia kwa Carla akiwa amevaa kama wale walowezi wa Kiingereza wa 1621, waliosherehekea mavuno pamoja na watu wa Wampanoag huko Plymouth, kilomita zipatazo 60 kusini ya hapa. Tamthilia inaliacha vazi hilo kama kichekesho. Wenyeji asilia hawalichekei: tangu 1970 hukutana Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza ardhi na watu wao waliopotea, na mgeni anayekaribishwa mezani hapa anastahili kulijua hilo pia.

Norm amekuja na bata mzinga mkubwa kupita kiasi. Ndege anaingia jikoni, na saa zinakwenda. Haivi. Vyakula vingine vinapoa mezani, njaa inapanda, na kila mmoja anaanza kumtia mwenzake vidole machoni kwa maneno. Ndipo chakula kinaanza kuruka: mboga, viazi, mchuzi, watu wazima wakirushiana kama watoto waliokosa mlezi.

Mwafrika Mashariki huumia akitazama hapo. Tulifundishwa kwamba chakula hakichezewi, na aliyeokota punje ya wali mkekani hakuchekwa. Mwandishi wa barua hii alipoiona mara ya kwanza alitaka kuzima televisheni. Akiitazama tena ndipo anapoona nyuso zao. Watu hawa walikuwa na haya ya kukosa familia, na kila mmoja alikuja akijifanya kwamba siku hii si kitu kwake. Wakisharushiana viazi, haya inaondoka, maana utani wa namna ile hufanywa na ndugu, na mgeni hauthubutu.

Kisha mlango unafunguliwa. Kwa miaka yote 11 Norm anamtaja mkewe, Vera, na mtazamaji haoni uso wake hata mara moja. Siku hii anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Diane amenyanyua pai ya boga amtupie Sam, Sam anainama, na pai inatua usoni mwa Vera. Amefika, nasi hatujamwona. Sauti ya Vera ilikuwa ya Bernadette Birkett, mke wa kweli wa George Wendt aliyeigiza Norm. Wendt alifariki Mei 20, 2025, miaka 32 kamili tangu usiku ambao baa ile ilifungwa.

Huko Lowell, kaskazini ya Boston, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha na makanisa yao, Alhamisi hii wengine watakuwa zamu. Nyumba za kutunzia wazee hazifungwi, na wahudumu wengi humo ni watu wetu. Watakaokuwa mapumziko watapika pilau, na pengine bata mzinga atakuwepo, amepakwa tangawizi na kitunguu saumu. Watoto watakimbizana ukumbini. Wanaoishi peke yao katika vyumba vya kupanga, wanafunzi hasa, huenda wasijue kwamba mlango uko wazi, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Basi mliopo huku, waambieni kabla ya Jumatano. Nanyi wa nyumbani wenye ndugu Massachusetts, mpigieni simu siku hiyo. Saa nane mchana ya Boston ni saa nne usiku ya Nairobi na Dar es Salaam. Hamtakuwa mmelala bado. Mwiteni kwa jina lake lote.