Niliambiwa nijikaze, kumbe nilihitaji kulegea

Mpenzi msomaji, huenda mada yangu ya leo ikakufanya ukunje uso, hasa ikiwa gazeti hili mnalisoma mezani pamoja na watoto. Nakusihi usiufunue ukurasa huu kwa haraka. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, nami nimeyaficha ya kwangu vya kutosha.

Nazungumzia maumivu ya hedhi. Simaanishi yale ya kununa kidogo kisha ukaendelea na shughuli zako. Namaanisha maumivu ya kukulaza sakafuni, ukatapika, na jasho jembamba likakutiririka.

Nilivunja ungo mwaka 1999 nikiwa na umri wa miaka 14. Haukupita mwaka kabla ya maumivu kuanza. Mama, aliyenipenda kama mboni ya jicho lake, alinipa chai ya tangawizi na neno moja tu: "Jikaze." Shuleni, matroni naye akaniambia, "Jikaze kisabuni, msichana, utazoea." Nami nilikuwa mtoto mtiifu. Nilijikaza darasani, nikajikaza ndani ya matatu nilipopata kazi Nairobi, nikajikaza ofisini. Nilipoolewa, nilijikaza hata faraghani, kwa maana tendo la ndoa nalo liligeuka kuwa uchungu mtupu. Mume wangu akadhani simtaki. Nami sikuwa na maneno ya kumweleza. Nusura nyumba yetu ivunjike kwa sababu ya jambo ambalo sote wawili hatukulijua jina.

Mwaka 2018 nilipiga moyo konde nikamwona daktari wa wanawake. Alinipima na kunipiga picha ya tumbo. Alitafuta fibroidi, maambukizi, na endometriosisi, yaani hali ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani ya uterasi huota nje yake. Hakuona kitu, ila alinionya kwamba endometriosisi yaweza kujificha isionekane pichani, hivyo nisikome kurudi kwake. Kisha akaniandikia barua nimwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Nilistaajabu. Nilidhani wataalamu hao ni wa wanakandanda waliotegua magoti na wazee waliopooza!

Nilimkuta mama wa makamo, mpole. Kabla ya kunigusa alinieleza kila atakalofanya, akaniuliza iwapo naridhia. Alinilaza chali, akaniambia niweke mkono tumboni na kuvuta pumzi. Tumbo halikusogea hata kidogo. Mabega ndiyo yaliyopanda.

"Dada, unabana nini?" akaniuliza.

"Sibani chochote," nikajibu.

"Hebu legeza meno kwanza."

Nilipolegeza taya, nilihisi kitu fulani chini ya nyonga kikiachia, kama fundo lililofungwa kwa miaka na mikaka. Machozi yalinitoka bila kujua kwa nini.

Msomaji mpendwa, haya ndiyo aliyonifunza. Siku za hedhi, utando wa uterasi hutoa kemikali iitwayo prostaglandini. Kemikali hiyo huifanya uterasi ijikunje ili kuisukuma damu nje, na inapozidi, uterasi hujikunja kwa nguvu hadi damu inayoilisha hupungua. Hapo ndipo uchungu unapoanzia. Lakini chini ya uterasi kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, mfano wa kamba za kitanda. Hiyo ndiyo misuli ya sakafu ya nyonga. Hubeba kibofu, uterasi na utumbo wa mwisho. Mtu akiumwa, huikaza bila kujua, kama vile unavyokunja ngumi ukichomwa sindano. Akiikaza kila mwezi kwa miaka mingi, huenda ikasahau kulegea. Basi yenyewe ikawa chanzo cha pili cha maumivu: wakati wa haja, wakati wa kuketi, na wakati wa tendo la ndoa.

Kumbe lile neno la mama na la matroni mwili wangu ulikuwa umelitii sawasawa!

Huenda umewahi kusikia mazoezi ya Kegel, yaliyopewa jina la Arnold Kegel, daktari Mmarekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Hayo ni ya kukaza misuli hiyo, na huwafaa wengi ambao misuli yao imelegea, mathalan baada ya kujifungua. Kwa aliyebanwa kama mimi, kukaza zaidi kungeweza kuzidisha balaa. Ndiyo maana ni vyema kupimwa kabla ya kuanza.

Nilifunzwa kulala chali na magoti yakiwa yamekunjwa, kuvuta pumzi puani hadi tumbo liinuke, na kuiachilia sehemu ya chini ishuke, kisha kutoa pumzi polepole bila kubana. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni. Pia kupiga magoti, kuyatanua na kuinama hadi paji la uso liguse mkeka. Tumboni niliweka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo. Nilianza kutembea kwa miguu mara tatu kwa wiki. Dawa kama ibuprofen sikuziacha, kwani hupunguza prostaglandini zenyewe, lakini nilizimeza mapema na baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu amwulize daktari kwanza.

Sitakudanganya kwamba nilipona kama kwa muujiza. Utafiti kuhusu tiba hii bado ni mchache, na siku ya kwanza ya hedhi bado huniuma. Ila baada ya miezi mitatu niliacha kutapika na kukosa kazi. Mume wangu alinisindikiza siku moja, akaelezwa yote. Njiani kurudi nyumbani aliniomba radhi, nami nikamwomba yeye.

Serikali yetu iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya kuwapa sodo bure wanafunzi wa shule za umma. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, sodo huzuia damu, haizuii uchungu.

Mwaka 2023, binti yangu, akiwa na miaka 14, nilimkuta amejikunyata kando ya kitanda, ameuma mto. Lile neno likanifika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nikaketi naye sakafuni nikamwambia, "Legeza meno, mwanangu. Pumua." Wiki hiyo hiyo nilimpeleka kwa daktari.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikosa masomo kila mwezi, maumivu yakizidi mwaka baada ya mwaka, yakija hata nje ya hedhi, au damu ikipita kiasi, usimwambie atazoea. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba endometriosisi huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Mwone daktari kwanza. Ukielekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, uliza kama amesajiliwa na baraza la taaluma hiyo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Wala usihofu kwamba binti atapimwa sehemu za ndani. Mengi hufanywa kwa nje, mzazi akiwapo, na ana haki ya kukataa.

Nawe binti unayesoma haya kwa siri, mpe mama gazeti. Mwambie asome ukurasa huu.