Tupande Milima ya Matogoro

Ndugu msomaji, siku ukifika Songea mjini, tazama upande wa mashariki. Utaona milima ya kijani. Hiyo ndiyo Milima ya Matogoro. Leo tuipande pamoja. Chukua fimbo na maji ya kunywa. Tuondoke asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mji tunaouacha nyuma unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, shujaa wa Wangoni. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji.

Sasa tunaingia katika miombo. Huu ni mninga. Mafundi seremala wanaupenda kwa vitanda na milango. Ule wenye majani mapana ni mti wa masuku. Mvua za kwanza zikianza, masuku huiva. Watoto huyaokota, na akina mama huyauza kando ya barabara. Mvua zikikolea, uyoga huota chini ya miti hii. Nyuki nao hupata maua ya kutengenezea asali. Kwa hiyo msitu huu ni ghala. Tofauti yake ni kwamba hakuna aliyelijaza kwa jembe.

Usitegemee kukutana na tembo hapa. Tembo wako mbali zaidi mashariki, katika misitu ya Namtumbo na Tunduru. Wao husafiri kati ya Tanzania na Msumbiji, na huvuka mto bila kujua mpaka.

Mto gani huo? Ni Mto Ruvuma, na mwanzo wake ni huku juu tulikofika. Mto huu unaanza kama kijito ambacho mtoto anaweza kukiruka. Kwanza unakwenda magharibi, kisha unapinda kusini. Ukifika mpakani mwa Msumbiji unageuka mashariki, na safari yake inaishia Bahari ya Hindi. Ni safari ya kilometa 800 hivi. Huko mbele mto ni mpana sana. Ilibidi nchi hizi mbili zijenge Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010.

Mto Luhira nao unapata maji yake katika milima hii. Maji ya mto huo husafishwa na kupelekwa katika mabomba ya Songea mjini. Kwa hiyo mama anayefungua bomba mjini anakunywa maji ya Matogoro, hata kama hajawahi kupanda mlima huu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mtu akikata miti kwenye chemchemi, nini hutokea? Jua hukausha ardhi. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Hukimbia yakibeba udongo mpaka mtoni. Masika mto hujaa tope, na kiangazi maji hupungua. Moto nao ni hatari. Mrina asali akiacha kinga kinawaka, upepo hukipeleka mlima mzima.

Anayelima mlimani si mtu mbaya. Anatafuta chakula cha watoto wake. Lakini iko njia ya kulima mtelemko bila kuuharibu. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga wanaijua tangu zamani. Inaitwa ngoro.

Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi. Huzipanga chini katika miraba, na kuziacha zikauke. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba, na kufunika nyasi kwa udongo huo. Hapo panabaki shimo lenye matuta pande zote. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Maji ya mvua hutulia shimoni na kuzama polepole. Nyasi zikioza huwa mbolea. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na udongo wao bado uko mlimani.

Basi tushuke. Ukifika kijijini kwako, fanya mambo matatu. Usilime wala kukata miti kwenye chemchemi. Zima moto mpaka majivu yapoe. Shamba lako likiwa kwenye mtelemko, lilime kwa matuta yanayokinga maji au kwa ngoro.

Anayekaa juu ya mto ameshika kata ya wote wanaokaa chini. Tusiimwage.