Mshika Mawili

Wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo naisikia kila likizo huku kwetu Nyamira. Baba, ambaye hunilipia karo kwa majani chai, asema nisomee udaktari, mashairi niyaache. Lakini Dkt. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na riwaya yake ya 1994, The River and the Source, ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1995. Hata Tabaka, Kisii, wako wakulima wanaochonga mawe wakishatoka shambani. Udaktari nitausomea, Mungu akipenda. Daftari langu nalo tutaenda pamoja. Kwani ubeti mmoja jioni utamnyima mgonjwa dawa?