Mikono mikubwa, mgongo mdogo: kijana wa Sake ajifunza upya kunyanyua vyuma

Kijana huyu ana miaka 27. Kabla ya vita kufika Sake, katika wilaya ya Masisi, wenzake walimwita "Vyuma". Kwa miaka miwili alikuwa akienda jim mara tano kwa juma. Jumatatu ilikuwa siku ya kifua, Jumanne mikono, Jumatano mabega, Alhamisi tena kifua, Ijumaa tena mikono. Miguu na mgongo viliwekewa Jumamosi. Lakini Jumamosi ni siku ya soko, ya ndoa na ya mpira, kwa hiyo miguu ilisubiri juma lijalo, na juma lijalo ikasubiri tena.

Februari 2024 mapigano yalikaribia Sake na watu wakashika njia ya Goma. Ni safari ya kilomita 25 hivi. Mama yake anaumwa magoti na hawezi kutembea mbali. Pikipiki zilizopita zilikuwa zimejaa magodoro, sufuria na watoto. Kijana akamweka mama mgongoni, akamfunga kwa kitenge, mdogo wake wa kike akabeba kifurushi, wakaanza kwenda.

Mama huyo ana kilo 55. Kule jim kijana alikuwa akilala kwenye benchi na kusukuma kilo 90, kwa hiyo aliona mzigo huo ni mdogo. Kabla hawajapita Mubambiro mapaja yalianza kutetemeka na kiuno kikawaka moto. Akamshusha mama, akapumua, akampandisha tena, kisha akamshusha tena. Mama mmoja mwenye gunia la maharagi kichwani na mtoto mgongoni akawapita bila kusimama. Ndipo mama yake akamwambia: "Papa, niache hapa kando ya njia. Wewe tangulia na mdogo wako."

Hakumwacha. Walifika Mugunga usiku. Lakini neno hilo lilimkaa moyoni kuliko hata mlio wa mabomu. Mikono ilikuwa mikubwa, shati lilikuwa limembana, na bado mama alikuwa amemhurumia.

Familia moja ya mtaa wa Ndosho iliwapokea. Kijana akapata vibarua vya kushusha makala na mifuko ya saruji. Baada ya miezi mitatu akaingia jim ya mtaa. Ni chumba cha mbao chenye sakafu ya mawe ya volkano yaliyopondwa, kioo kimoja kilichopasuka, vyuma vilivyochomelewa na fundi, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kochi wake ni mtu wa miaka 50 na zaidi ambaye ujanani alikuwa akisukuma chukudu. Alimtazama kijana akienda moja kwa moja kwenye benchi, akamwita.

"Mdogo wangu, leo unafanya nini?"

"Kifua, yaya."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, yaya. Wakiniita kazi, nitaenda kazi."

Kochi akacheka kidogo. "Sasa mtu asiyejua kesho yake anawezaje kugawa mwili wake kwa siku sita? Ukikosa Jumamosi, miguu imekosa juma nzima. Fanya mwili wote kila ukija. Hata ukija mara mbili tu, hakuna kiungo kilichobaki nyuma."

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha mazoezi ya kijana, na yana maana kwa kila mtu ambaye vita, kazi au ugonjwa wa mtoto unaweza kumharibia ratiba. Kugawa mwili kwa siku si kosa. Kunamfaa mwenye juma lililotulia, anayeweza kufika jim siku tano bila kukosa. Lakini misuli haiulizi leo ni siku gani. Baada ya kazi nzito, hujijenga kwa siku moja au mbili hivi, halafu husubiri kazi nyingine. Ukiifanyisha kazi mara moja tu kwa juma, siku nyingi inakaa bure. Ukifanya mwili wote mara tatu, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila msuli unaguswa mara tatu na unapata siku ya kupumzika katikati.

Kijana alikuwa mtu wa kati: si mgeni wa vyuma, lakini si bingwa. Mgeni anaweza kuongeza uzito karibu kila siku anapofika, kwa sababu mwili wake unashangaa. Mtu wa kati anapanda polepole, pengine kwa majuma. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, au huongeza mazoezi kumi ya mikono wakidhani ndiyo dawa. Kochi alimpunguzia. Alimpa kazi sita, kila moja ikifanyisha kazi viungo vingi kwa pamoja.

Ya kwanza, kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani, kwa ajili ya mapaja na makalio. Ya pili, kuinua chuma kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Ya tatu, kusukuma chuma kutoka kifuani akiwa amelala. Ya nne, kuinama na kuvuta chuma kuelekea tumbo. Ya tano, kusukuma chuma juu ya kichwa akiwa amesimama. Ya sita, kutembea mita 30 au 40 akishika mzigo mzito kila mkono, bila kuyumba. Siku nyingine kuvuta chuma kulibadilishwa na kujivuta juu ya bomba.

Kila kazi ilikuwa na seri tatu, isipokuwa ile ya kuinua kutoka chini, ambayo ilikuwa na mbili kwa sababu inachosha mwili wote. Jumatatu ilikuwa siku ya uzito mkubwa, marudio 5 kwa kila seri. Jumatano uzito mwepesi, marudio 12. Ijumaa katikati, marudio 8. Kati ya seri nzito alipumzika dakika mbili hadi tatu. Kabla ya yote alipasha mwili joto: dakika tano za kutembea haraka, halafu kila kazi akaianza kwa uzito mdogo. Yote yalimalizika kwa saa moja na robo.

Somo gumu zaidi halikuwa la misuli. Siku ya kwanza ya kuchuchumaa kochi alimwekea kilo 30. Vijana wa miaka 17 waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kucheka. Mtu mwenye mikono kama ile na kilo 30! Kijana akataka kuongeza. Kochi akakataa. Magoti yake yalikuwa yakiingia ndani na visigino vikiinuka. "Kwanza ushuke vizuri," akamwambia, "uzito utakuja wenyewe." Juma la pili kijana aliongeza kwa siri, kiuno kikamshika, na kwa siku nne hakuweza kubeba makala. Siku nne bila kazi maana yake ni siku nne bila pesa ya bugali. Tangu hapo hakuongeza tena kwa siri.

Kochi alimfundisha pia kutomaliza nguvu zote. Mwisho wa seri anapaswa kubaki na uwezo wa kurudia mara moja au mbili. Anayejikamua hadi kuanguka katika kazi ya kwanza hana kitu cha kupeleka kwenye kazi ya sita. Na mtu anayetoka jim kwenda kubeba saruji lazima aache akiba.

Alinunua daftari la shule. Humo anaandika tarehe, kazi, uzito na marudio. Akiweza kufanya seri zote tatu kwa marudio yaliyopangwa na mwendo mzuri, siku ya namna hiyo ikirudi anaongeza kilo 2 na nusu. Akishindwa, anabaki palepale. Kila baada ya majuma sita anapunguza seri kwa nusu kwa juma moja, mwili upumue. Kufikia Desemba 2024 alikuwa akichuchumaa na kilo 75. Mikono haikuwa imeongezeka sana. Lakini mwenye ghala alikuwa ameanza kumwita wa kwanza.

Upande wa chakula, hakuna aliyemdanganya. Wataalamu wa michezo husema mtu anayejenga misuli anafaa kula gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112 kwa siku. Katika nyumba ya watu kumi na mmoja hesabu hiyo ni ndoto. Kijana alifanya alichoweza: maharagi karibu kila siku, karanga za kutafuna kazini, uji wa soya asubuhi, na sambaza wa ziwani pesa ilipopatikana. Siku aliyokula mara moja tu, kochi alimpunguzia seri moja kwa kila kazi au kumrudisha nyumbani alale. Mazoezi mazito juu ya njaa hayajengi mwili, yanaula. Kwa mwenye njaa, mara mbili kwa juma na seri mbilimbili zinatosha kulinda nguvu alizonazo.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Jim ikafungwa. Umeme ukakatika, maji ya bomba yakakatika, watu wakawa wanachota ziwani. Usiku mmoja wa siku hizo mama akashikwa na kifua, pumzi ikawa fupi. Hakukuwa na pikipiki barabarani, na simu ya dereva waliyemjua haikupita. Kijana akachukua kitenge kilekile.

Kituo cha afya kilichokuwa wazi kilikuwa mbali, na njia za Ndosho ni mawe matupu. Alimshusha mama mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu watu wenye silaha walikuwa wakipita na ilibidi wajifiche nyuma ya ukuta. Mara ya pili ni kufunga tena kitenge. Mama alipata dawa na kesho yake akarudi nyumbani. Njia nzima hakusema neno la kuachwa. Alisema tu: "Papa, tembea polepole, utaanguka."

Jim ilikaa imefungwa kwa majuma, na hapo bidoni zikachukua nafasi ya vyuma. Lita 20 za maji ni kilo 20, lita 10 ni kilo 10, na ukitaka kuongeza kilo moja unaongeza lita moja. Hata jim nyingi hazina vipimo vidogo hivyo. Kijana alichuchumaa akikumbatia bidoni kifuani. Aliinama na kuivuta kuelekea tumbo, mkono mmoja kwa mara moja. Alisukuma ya lita 10 juu ya kichwa, akafanya pompi chini, na alitembea kuzunguka parseli na bidoni mbili mikononi. Alifanya seri tatu, marudio 8 hadi 15, siku tatu kwa juma. Maji hayakupotea, baadaye yalipikiwa bugali.

Kina mama wa parseli walianza kwa kumcheka: "Sisi tunabeba hizo kila siku, na hatuiti mazoezi." Lakini mmoja wao, anayelalamika kiuno, akamuuliza kwa nini yeye haumii. Kijana akamwonyesha alichofundishwa: sogeza miguu karibu na bidoni, sukuma makalio nyuma, kunja magoti, mgongo usipinde kama upinde, kaza tumbo, halafu inuka kwa miguu. Na usigeuze kiuno ukiwa na mzigo, geuza miguu. Mama yule alijaribu na bidoni nusu, kisha nzima. Kesho yake aliwaita wengine wawili. Mwenye mimba au aliyetoka kujifungua aliambiwa aulize kwanza kwa muuguzi.

Jim ilipofunguliwa kochi hakumruhusu kurudi kwenye kilo 75. Kwa mtu aliyekaa zaidi ya majuma matatu bila vyuma, alisema, nusu ya uzito wa zamani inatosha kuanzia. Mishipa na viungo vinahitaji kuzoea tena, ingawa moyo unasema tayari. Habari njema ni kwamba mwili uliowahi kujengwa unakumbuka. Kilichochukua miezi minane mara ya kwanza kinaweza kurudi kwa muda mfupi zaidi. Kijana alianza na kilo 37 na nusu. Safari hii waliocheka walikuwa wachache, kwa sababu nao walikuwa wanaanza upya.

Siku hizi akikosa Jumatano kwa ajili ya kibarua, anafika Alhamisi na kufanya kazi zilezile sita. Akikosa juma zima, anaendelea pale daftari lilipoishia au anashuka kidogo. Hakuna tena hesabu ya kifua kilichobaki au miguu inayodaiwa. Wenzake wapya wamemuuliza mara nyingi kwa nini haoneshi mikono kama zamani. Huwa hajibu kwa urefu.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari amechora mstari na kuandika 55 chini yake. Ni uzito wa mama yake. Kijana anasema kila uzito anaochuchumaa nao lazima ubaki juu ya namba hiyo, hata juma baya likija. Juma lililopita aliandika 60.