Bibi na Maembe Yake

Somo langu la kwanza la mguso lilikuwa bikari. Mhadhiri alinifunga macho kwa kitambaa, akanigusa mgongoni kwa ncha zake mbili, akaniuliza ni ngapi. Nikasema moja. Darasa likaangua kicheko, maana ncha zilikuwa zimeachana karibu sentimita tatu. Akahamia kwenye kidole: hapo milimita mbili zilitosha.

Jaribio hilo ni la Ernst Weber wa Leipzig, aliyelichapisha mwaka 1834. Kwa miaka mingi ndilo nililolifanya na kulifundisha. Nilipima ngozi za watu kama fundi cherehani apimavyo viuno, madaftari yakajaa namba. Mtu anakaa kimya, mkono mezani, anaguswa, anajibu. Sikuona kasoro yoyote.

Kisha nikasoma makala ya James Gibson ya mwaka 1962, wakati huo tayari nzee. Alitumia vibati vya kukatia biskuti. Kibati kikikandamizwa kwenye kiganja kilichotulia, watu walikosea umbo lake mara nyingi kuliko kupatia. Walipoachwa wakipapase wenyewe, walipatia takriban mara 95 katika 100. Niliona aibu, kusema kweli. Nilikuwa nikiuzuia mkono usifanye kazi yake, halafu naandika ripoti juu ya uwezo wake.

Walionimaliza kabisa ni Susan Lederman na Roberta Klatzky. Mwaka 1987 walionyesha kwamba mtu aliyezibwa macho hubadili mwendo wa mkono kufuatana na anachotafuta: mwingine wa kujua ugumu, mwingine wa uzito, mwingine wa umbo. Hapo nikamkumbuka bibi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini sokoni hakuna aliyempunja. Khanga aliisugua kwa kidole gumba, nazi aliipandisha na kuishusha kiganjani, embe alilitomasa.

“Bibi, utaniharibia maembe!” muuzaji angelalamika.

“Nisipotomasa nitajuaje, mwanangu?”

Wataalamu wale waliipa miendo hiyo majina marefu ya Kiingereza. Nilipoyatafsiri kwa ajili ya wanafunzi, sikuhitaji kubuni hata moja: kusugua, kutomasa, kufumbata, kupapasa, yote niliyakuta kwa bibi.

Siku hizi wanafunzi wakija, nawapa mfuko wa kitambaa uliojaa vitu, waingize mkono. Bikari naitoa mara moja tu kwa muhula.