Pawa Saplai Juu ya Boksi

Kama umewahi kupanga geto nje ya chuo, unajua kwamba mle ndani kila kitu kimewekwa juu ya kitu kingine. Jiko juu ya ndoo, sufuria juu ya jiko, begi juu ya sufuria. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa nilipoweka pawa saplai mbili juu ya boksi la karatasi.

Ilikuwa 2021, niko mwaka wa pili, Uhandisi Umeme. Bitcoin ilikuwa imevuka dola 60,000 na kila kona ya chuo watu walikuwa wanaongelea huo mchongo. Bumu lilipoingia tukachanga watatu: mimi, mshikaji wa Uhasibu niliyekuwa nakaa naye, na mwenzetu wa Sheria ambaye nusu ya mchango wake ilikuwa hela ya ada aliyotumiwa na mama yake. Tukanunua mashine ya kuchimba iliyotumika, Antminer S9. Kwa pawa saplai yake ya kiwandani muuzaji alitaka laki mbili na nusu zaidi. Nikawaambia wenzangu, "Tulieni, hiyo niachieni mimi." Nikaenda Kariakoo, nikarudi na mbili zilizotolewa kwenye seva kuukuu, wati 1,200 kila moja, kwa laki moja zote.

Nieleze kidogo kazi ya kifaa hiki, maana kosa langu ndipo lilipo. S9 inakula wati 1,350 hivi. Upande wa ukutani, kwenye volti 230, hizo ni kama ampea 6 tu. Jagi la kuchemshia maji linazidi hapo. Lakini mashine yenyewe inataka volti 12, na wati zilezile kwa volti 12 ni ampea 112. Umeme wa namna hiyo haupendi safari. Waya lazima ziwe nene na fupi, kwa hiyo pawa saplai inabidi ikae karibu na mashine. Sasa, mashine inavuta hewa ya kawaida kwa mbele na kuitoa nyuma ikiwa ya moto. Pawa saplai ikikaa nyuma, inapumua joto la mwenzake mchana na usiku. Kapasita za ndani, kwa kanuni ya mafundi, hupoteza nusu ya umri wake kila joto linapopanda nyuzi 10. Mahali pake ni ubavuni au mbele, kwenye hewa baridi, juu ya kitu kisichoungua. Mashine zilizofuata, kama S19, zilikuja na pawa saplai imefungwa kabisa kwenye mwili wa mashine, na feni zake mwenyewe, ili mnunuzi asipate nafasi ya kuchagua vibaya.

Mimi nilipata nafasi hiyo. Mbele ya mashine kulikuwa na kitanda, ubavuni mlango. Zikabaki nyuma, juu ya boksi.

Kuna kanuni moja niliifuata na nikajivunia: bodi moja ya kukokotoa isilishwe na pawa saplai mbili tofauti. Ila kila bodi inataka plagi tatu, na bodi zipo tatu. Plagi zilipopungua nikanunua waya za kugawa, mzizi mmoja vichwa viwili, shilingi 4,000. Waya iliyopaswa kubeba ampea 12 ikabeba 25. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani, na nikapata.

Mashine ikaanza kupiga kelele kama ya kusaga unga. Mama mwenye nyumba alipouliza, tukamwambia ni mradi wa chuo. LUKU ilikuwa inakata zaidi ya shilingi 12,000 kwa siku, na siku nyingi tulichochimba kilitosha kurudisha hela ya umeme tu. Tulijipa moyo kwamba bei itapanda.

Wiki ya tatu, nikifagia, niliona plagi moja imegeuka kahawia. Niliigusa, nikatoa mkono haraka. Nilijua ni nini. Pia nilijua kwamba nikisema, mashine itazimwa, na itabidi niombe ile laki mbili na nusu niliyosema hatuihitaji. Nikaigeuza plagi, upande wa kahawia ukatazama ukutani. Nikamalizia kufagia.

Siku sita baadaye, saa tisa usiku, nikaamshwa na harufu. Boksi lilikuwa linawaka. Breka haikuruka, na isingeruka: breka inaangalia ampea, na ampea hazikuzidi kipimo chake. Joto lilikuwa kwenye plagi moja tu, na hakuna kifaa mle ndani kilichokuwa kinaiangalia zaidi yangu. Mshikaji alikimbilia men swichi, mimi nikatupa blanketi. Moto ulizimika ndani ya dakika chache. Lakini nyumba zetu hizi hazina dari, ukuta unaishia njiani, na moshi ulishavuka upande wa pili. Tulimsikia mjukuu wa Mama anakohoa.

Mtoto alipona. Mama alisimama mlangoni kwetu na tochi ya simu, akamulika lile blanketi, akasema taratibu, "Wanangu, nyie si ndo mnasomea umeme?"

Asubuhi niliwaambia wenzangu kuhusu ile plagi. Mshikaji wa Uhasibu aliuliza swali moja tu: "Uliiona lini?" Nikamjibu. Akachukua mswaki wake akatoka nje, na hatukuongea mpaka Ijumaa.

Tulimlipa Mama gharama za ukuta na waya. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, tukampata mteja wa Morogoro. Hela yote ilienda kwenye ada ya yule wa Sheria, na bado alisajiliwa kwa kuchelewa.

Mteja alitaka na zile pawa saplai, alikuwa tayari kuongeza elfu themanini. Zilikuwa bado zinawaka. Wenzangu wakaniangalia. Nikamwonyesha plagi iliyoyeyuka, nikamweleza tulivyoziweka, nikamwambia atafute ile ya kiwandani, waya zisigawanywe, aiweke upande wa hewa baridi, na kila wiki aguse plagi zote kwa mkono. Akasema wanachuo tunapenda kutisha watu, akaondoka na mashine peke yake.

Zile mbili ninazo bado, chini ya kitanda. Sijamuuzia mtu.